Kiini: Bawabu wa kompyuta anayeamua ni nani atagusa kifaa kipi

MNAMO Julai 19, 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ya nchini Marekani ilituma faili ndogo ya data kwa kompyuta za wateja wake kote duniani.

Muda mfupi baadaye, kompyuta zilizokuwa zikitumia mfumo wa Windows zilianza kuzimika ghafla, zikiacha skrini ya rangi ya samawati yenye maandishi meupe. Zilipojiwasha upya, zilizimika tena. Viwanja vya ndege, hospitali, benki na hata vituo vya televisheni vilijikuta bila huduma.

Kampuni ya Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika, idadi ambayo ni chini ya asilimia moja ya kompyuta zote za Windows. Shirika la ndege la Delta la Marekani pekee lilifuta takribani safari 7,000 katika muda wa siku tano.

Faili iliyoleta balaa hilo iliondolewa baada ya dakika 78. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, kwani mashine nyingi zilihitaji fundi afike mwenyewe, aziwashe kwa njia ya dharura na kuifuta faili hiyo kwa mkono.

Swali linalozuka ni hili: Kwa nini faili moja iweze kuiangusha mashine nzima, ilhali kila siku programu ya kuandikia barua au ya kuvinjari intaneti hukwama na kufungwa bila programu nyingine kutikisika?

Jibu limo katika sehemu ya kompyuta ambayo mtumiaji wa kawaida haioni kamwe, ingawa kila anachokifanya hupitia humo. Sehemu hiyo huitwa kiini, au keneli kama wanavyoiita wataalamu.

Kazi ya kiini

Kompyuta ina maunzi, yaani vifaa vyenyewe vinavyoshikika. Miongoni mwavyo ni prosesa inayofanya hesabu zote, kumbukumbu inayohifadhi kazi inayoendelea, diski inayotunza faili hata umeme ukikatika, kibodi, skrini, spika na kadi ya mtandao.

Vifaa hivyo ni vichache, lakini programu zinazovihitaji ni nyingi. Katika kompyuta ya kawaida ya ofisini, makumi ya programu huwa zinafanya kazi kwa wakati mmoja, na nyingi kati yazo mwenye mashine hata hazijui.

Lau kila programu ingeachiwa kugusa kifaa ipendavyo, vurugu ingekuwa haina mfano. Programu mbili zingeandika mahali pamoja kwenye diski na kuharibiana faili. Kurasa za barua zingechanganyika na za hesabu za mishahara kwenye printa. Aidha, programu yenye nia mbaya ingesoma nywila za mtumiaji kutoka kwenye kumbukumbu ya programu ya benki.

Ndipo kikahitajika kiini. Hiki ni programu inayopakiwa mapema mashine inapowashwa, na ambayo hukaa katika kumbukumbu hadi itakapozimwa. Mfumo endeshi kama Windows una mambo mengi zaidi, yakiwemo madirisha, menyu na programu ndogondogo, lakini kiini ndicho moyo wake.

Kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, ndicho kinachotumika katika simu zote za Android. Kwa hivyo, hata msomaji ambaye hajawahi kumiliki kompyuta huenda anatembea na kiini mfukoni.

Ngazi za mamlaka

Hata hivyo, kiini chenyewe ni programu tu, mkusanyiko wa maagizo kama programu nyingine yoyote. Ni kwa nini basi programu nyingine zikitii?

Hazikitii kwa hiari. Anayezilazimisha ni prosesa. Prosesa za kisasa zimeundwa zikiwa na angalau hali mbili za kufanyia kazi: Hali ya mamlaka, ambamo agizo lolote hutekelezwa, na hali ya mtumiaji, ambamo baadhi ya maagizo yamepigwa marufuku.

Maagizo yanayopigwa marufuku ni yale yanayogusa vifaa moja kwa moja, yanayobadilisha mipaka ya kumbukumbu au yanayoweza kuisimamisha prosesa. Kiini hufanya kazi katika hali ya mamlaka. Programu nyingine zote huwekwa katika hali ya mtumiaji.

Programu ya kawaida ikijaribu kutekeleza agizo lililopigwa marufuku, prosesa hukataa, husimamisha programu hiyo papo hapo na kukipa kiini usukani. Kwa kawaida kiini huifunga programu hiyo na kuendelea na kazi zake. Hii ndiyo sababu programu moja hukwama bila kuziangusha zingine.

Wazo hili lina umri mkubwa. Katika miaka ya 1960, wataalamu wa taasisi ya MIT na washirika wao nchini Marekani waliubuni mfumo wa Multics uliopanga mamlaka kwa pete, ile ya ndani kabisa ikiwa na uwezo kuliko zote. Prosesa za Intel zilirithi mpangilio huo na kuwa na pete nne, kuanzia sufuri hadi tatu, ingawa mifumo mingi hutumia mbili tu: Sufuri kwa kiini na tatu kwa programu za watumiaji.

Kupiga hodi

Ikiwa programu haiwezi kugusa diski, itaisomaje faili? Sharti ibishe hodi kwa kiini.

Programu huandika nambari ya huduma inayoitaka mahali maalumu ndani ya prosesa, kisha hutekeleza agizo moja la pekee la kuomba. Katika Linux kwenye prosesa za Intel na AMD za biti 64, kwa mfano, nambari sufuri ni ombi la kusoma, moja ni la kuandika, na mbili ni la kufungua faili.

Agizo hilo likishatekelezwa, prosesa huingia katika hali ya mamlaka na wakati uo huo kurukia mahali ambapo kiini kilipachagua wakati mashine ilipokuwa ikiwaka. Programu haina uwezo wa kuchagua itaingilia wapi. Mlango ni mmoja, na bawabu amesimama hapo.

Kiini huanza kwa kukagua. Je, nambari hii inajulikana? Je, mahali ambapo programu inataka data iwekwe ni pake kweli, au ni pa jirani? Je, mtumiaji huyu ana idhini ya kuisoma faili hii? Ni baada tu ya majibu kuridhisha ndipo kiini chenyewe huiendea diski, huileta data na kuikabidhi kwa programu, kisha hurejesha prosesa katika hali ya mtumiaji.

Mfumo wa Unix, ambao Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuujenga mwaka 1969 katika maabara za Bell, uliurahisisha ukaguzi huo kwa kuvifanya vifaa navyo vionekane kama faili. Diski ina jina lake katika orodha ya faili, na vivyo hivyo printa. Kila moja ina mwenyewe, kundi lake, na kanuni zinazoeleza ni nani anayeruhusiwa kusoma na ni nani anayeruhusiwa kuandika. Linux inaufuata utaratibu huo hadi leo.

Kugawa wakati na nafasi

Rasilimali mbili zinahitaji uangalizi wa namna ya pekee, nazo ni muda wa prosesa na nafasi katika kumbukumbu.

Kuhusu muda, tatizo ni kwamba programu inapokuwa ikitumia prosesa, kiini chenyewe hakifanyi kazi, kwani nacho huihitaji prosesa iyo hiyo. Programu iliyokwama katika mzunguko usiokuwa na mwisho ingeweza kuishikilia milele.

Suluhisho ni saa iliyomo ndani ya mashine. Kabla ya kuipa programu zamu yake, kiini huitega saa hiyo. Muda ukiisha, saa hugonga, prosesa huacha inachokifanya na kukirudia kiini, nacho huamua ni nani afuate. Katika Linux ya miaka ya 1990 kwenye prosesa za Intel, saa hiyo iligonga mara 100 kila sekunde. Zamu hizi ni fupi mno hivi kwamba mtumiaji hudhani programu zote zinakwenda kwa pamoja.

Kuhusu kumbukumbu, kiini hutumia ujanja mwingine. Kila programu hupewa anwani zake za kufikirika, kana kwamba kumbukumbu yote ni yake peke yake. Prosesa huzitafsiri anwani hizo kuwa mahali halisi kwa kufuata jedwali lililoandikwa na kiini, na kwa kawaida katika prosesa za Intel hufanya hivyo kwa mafungu ya baiti 4,096 yanayoitwa kurasa.

Programu mbili zinaweza kutaja anwani ileile na kila moja ikapelekwa mahali tofauti. Kumbukumbu ya jirani haimo katika jedwali lako, na kwa hivyo huwezi hata kuitaja, sembuse kuiiba.

Nchini Uingereza, kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester ilikuwa ikitumia mbinu ya aina hiyo kufikia mwaka 1962. Katika kompyuta ndogo za watu binafsi, ilienea baada ya Intel kutoa prosesa ya 80386 mwaka 1985.

Vifaa vyenyewe navyo hutazamwa. Kadi ya mtandao na diski huweza kuandika katika kumbukumbu bila kupitia kwa prosesa, jambo linaloharakisha kazi lakini pia linaloweza kuukwepa ulinzi wote ulioelezwa hapo juu. Kwa sababu hiyo, mashine nyingi za kisasa zina kifaa kingine kinachowekewa na kiini orodha ya sehemu ambazo kila kifaa kinaruhusiwa kuzifikia.

Ulinzi ulipokuwa dhaifu

Madhara ya kukosa bawabu yalionekana wazi katika miaka ya mwanzo ya kompyuta za watu binafsi. Mfumo wa MS-DOS haukuwa na ulinzi wowote wa aina hii. Programu yoyote iliweza kuandika popote, na kosa dogo katika mchezo wa kompyuta lilitosha kuikwamisha mashine nzima.

Windows 95 na Windows 98 zilileta ulinzi, ila ulikuwa nusunusu. Ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi, sehemu muhimu za kumbukumbu ziliachwa wazi, likiwemo jedwali linaloonyesha milango ya kuingilia ndani ya mfumo.

Mwaka 1998, virusi vilivyopewa jina CIH, ambavyo viliandikwa na mwanafunzi wa chuo kikuu huko Taiwan, viliutumia upenyu huo. Vilibadilisha mlango mmoja katika jedwali hilo ili uelekeze kwao, kisha vikapiga hodi. Prosesa ikavipa mamlaka yote.

Mnamo Aprili 26, 1999, virusi hivyo viliamka. Vilifuta sehemu ya mwanzo ya diski, na katika baadhi ya mashine vikaharibu programu iliyomo katika chipu inayoiwezesha kompyuta kuwaka. Mashine za namna hiyo hazikuweza kuwaka tena hadi chipu iandikwe upya au ibadilishwe.

La kutia funzo ni kwamba kompyuta zilizokuwa zikitumia Windows NT, mfumo wa kampuni iyo hiyo uliotolewa mwaka 1993, hazikudhurika. Jedwali lililoachwa wazi katika Windows 95 lilikuwa limefungwa katika NT. Mwaka 2001, Microsoft ilipotoa Windows XP, iliwahamishia watumiaji wa nyumbani kwenye kiini cha ukoo wa NT, na kompyuta za Windows za leo zingali zinakitumia.

Kikulacho ki nguoni mwako

Ikiwa ukuta ni imara hivyo, CrowdStrike iliuangushaje? Haikuuangusha. Ilikuwa tayari ndani.

Kiini hakiwezi kujua namna ya kuzungumza na kila printa, kamera na kadi iliyowahi kuundwa. Kwa hivyo watengenezaji wa vifaa huandika programu maalumu, zinazojulikana kama draiva, ambazo nyingi huunganishwa na kiini na kufanya kazi zikiwa na mamlaka yale yale.

Kampuni za kupambana na virusi nazo ziliomba nafasi hiyo, zikisema kwamba haiwezekani kumtazama mwizi ukiwa nje ya nyumba. Draiva ya CrowdStrike ilikuwa mojawapo, na ilikuwa imepangwa kupakiwa mapema sana mashine inapowaka.

Kwa mujibu wa ripoti ya kampuni hiyo, kanuni zilizokuwa katika faili mpya zilitazamia kupata vipengele 21 vya taarifa, lakini programu iliyokuwa ikizisoma ilitoa 20. Ilipotafuta cha 21, ilisoma mahali pasipokuwa pake katika kumbukumbu.

Kosa hilo likitendwa na programu ya kawaida, kiini huifunga programu hiyo. Likitendwa na kiini chenyewe, hakuna aliye juu yake wa kulirekebisha. Windows hujizima kwa makusudi ili isije ikaharibu data. Na kwa kuwa draiva ilipakiwa tena kila mashine ilipowaka, kuzima huko hakukuwa na mwisho.

Wakati mwingine dosari huwa katika kiini chenyewe. Mwaka 2016 iligunduliwa kasoro katika Linux iliyopewa jina Dirty COW, ambayo ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika katika faili alizoruhusiwa kuzisoma tu, na hivyo kujinyakulia mamlaka ya msimamizi. Ilikuwa imejificha humo tangu mwaka 2007.

Januari 2018, ulimwengu ulitangaziwa kasoro ya Meltdown, ambayo haikuwa ya kiini bali ya prosesa. Katika pupa ya kukisia kazi itakayofuata, prosesa nyingi za Intel zilisoma kumbukumbu ya kiini kabla ya kuthibitisha idhini, na kuacha dalili ambazo programu ya kawaida ingeweza kuzifasiri. Waandishi wa mifumo walilazimika kulitenga jedwali la kumbukumbu la kiini na lile la programu, hatua iliyopunguza kasi ya baadhi ya kazi.

Nani aruhusiwe ndani?

Hapa ndipo ulipo mgogoro wa miaka mingi baina ya wataalamu. Januari 1992, Andrew Tanenbaum, mhadhiri wa Amsterdam aliyeandika mfumo wa Minix, alimkosoa Torvalds hadharani. Alisema kiini kinafaa kuwa kidogo kabisa, huku draiva na huduma nyingine zikifanya kazi nje yake ili zikianguka zisikiburute.

Torvalds alishikilia kwamba kuweka mambo mengi pamoja ni rahisi na huleta kasi. Linux ikatawala, na leo ina zaidi ya mistari milioni 30 ya maagizo, nyingi ikiwa ya draiva.

Hata hivyo, wazo la Tanenbaum halikufa. Mwaka 2009, watafiti wa Australia walitangaza kwamba wamethibitisha kwa njia ya hisabati kuwa kiini kidogo kiitwacho seL4, chenye mistari takribani 8,700 ya lugha ya C, kinafanya kile hasa kilichokusudiwa. Kuthibitisha mamilioni ya mistari kwa namna hiyo ni jambo ambalo bado halijawezekana.

Kampuni kubwa nazo zinasogea upande huo kidogo kidogo. Mwaka 2019, Apple ilianza kuzipa programu za usalama njia ya kufanya kazi nje ya kiini cha kompyuta zake za Mac. Baada ya mkasa wa Julai 2024, Microsoft iliwaita watengenezaji wa programu za usalama mnamo Septemba mwaka huo, na Novemba ikatangaza mpango wa kuwawezesha kufanya kazi nje ya kiini cha Windows.

Kwa mwenye simu

Kwa anayemiliki simu ya Android, mambo haya si ya mbali. Kila programu inayowekwa katika simu hiyo hupewa nambari yake, kana kwamba ni mtumiaji tofauti, na kiini huzitenganisha. Mchezo uliopakuliwa na mtoto hauwezi kufungua faili za programu ya benki au ya M-Pesa.

Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, programu inapotaka kamera au maikrofoni kwa mara ya kwanza, sharti mwenye simu aulizwe. Kubonyeza kitufe cha kuruhusu ni kumpa bawabu maagizo, na haifai kufanywa kwa mazoea.

Wapo wanaoivunja kinga ya simu zao ili kupata mamlaka yote, wakitaka kuondoa programu zilizowekwa na mtengenezaji. Wafahamu kwamba programu yoyote watakayoikabidhi mamlaka hayo huweza kuruka ukuta unaolinda pesa na barua zao.

Vilevile, mabadiliko ya mfumo ambayo simu na kompyuta huomba kuyaweka hayahusu sura na rangi pekee. Mara nyingi huziba nyufa za aina ya Dirty COW, ambazo wahalifu huzijua zaidi baada ya kutangazwa. Anayeahirisha kila mwezi humwachia bawabu wake ukuta wenye tundu linalojulikana na kila mtu.

Na kwa draiva, kanuni ni moja: Ichukuliwe kutoka kwa mtengenezaji wa kifaa au kupitia mfumo wenyewe, wala si kutoka tovuti isiyojulikana. Programu ya kawaida ikiwa mbovu, kiini kitaizuia. Draiva ikishaingia ndani ya kiini, hakuna wa kuizuia.